Nilivyopata Ukumbi wa Harusi na wa Mkutano Mkuu Tabora Mjini

Kamati ya harusi ya mpwa wangu ilinichagua kuwa katibu katika mwaka uleule ambao chama chetu cha akiba na mikopo kilinikabidhi maandalizi ya mkutano mkuu. Shughuli zote mbili zilihitaji ukumbi, nami nilishughulikia tarehe kabla ya kuuliza bei. Hapa Tabora harusi hupungua wakati wa Kwaresima na mwezi wa Ramadhani, kisha Pasaka ikipita, au Mfunguo Mosi ukiandama, familia nyingi hugombea Jumamosi zilezile. Na wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge nao hupanga sherehe zao baada ya kulipwa mauzo yao. Kwa hiyo nilimwendea msimamizi wa ukumbi nikiwa na tarehe kadhaa ambazo wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuziridhia.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni idadi ya watu. Ukumbi unaotosha wajumbe walioketi kwa safu hautoshi idadi hiyohiyo ya waalikwa wanaozunguka meza, kwa sababu harusi inahitaji pia jukwaa la maharusi, meza za chakula, mahali pa mpiga muziki na njia pana ya ndugu kuingia wakicheza na zawadi zao. Nilimwomba msimamizi aniruhusu kupanga meza chache sakafuni, nikapima kwa hatua nafasi iliyobaki, na ndipo nikaieleza kamati idadi ya kadi za kuchapisha. Naamini kabisa kwamba kumwalika mtu akakosa kiti ni kumvunjia heshima.

Kwa mkutano mkuu nilichagua ukumbi wa umma. Malipo yake hufanywa kwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu 12, ambayo hulipiwa benki, kwa wakala au kwa simu, na stakabadhi yake ni ushahidi tosha mbele ya wakaguzi wa COASCO, shirika linalokagua hesabu za vyama vya ushirika. Kwa kuwa fedha hizo ni za wanachama, sikutaka malipo yoyote ya mkononi. Nilihakikisha pia kwamba kipaza sauti kinasikika hadi viti vya nyuma, kwa maana mwanachama asiyesikia taarifa ya mapato na matumizi hawezi kuipigia kura kwa haki.

Kila mkataba niliusoma na msimamizi kifungu kwa kifungu: saa ya wapambaji kuingia, saa ya kuzima muziki, anayenunua mafuta ya jenereta umeme ukikatika, kama mpishi wa nje anaruhusiwa, na muda wa kurejeshewa dhamana. Suala la jenereta halikuwa limeandikwa. Tuliliongeza kwa kalamu, tukatia sahihi sote wawili, na nakala moja nikamkabidhi mweka hazina wa kamati.