Ndoo mbili za furu

Mwaka wa tatu chuo tulipelekwa Mwanza kwa ajili ya fildi, na ninachokumbuka zaidi ni mchana mmoja tuliokua tumeinamia masinia ya samaki tunabishana mpaka sauti zikakauka. Samaki wenyewe ni furu, wale wadogo wa Ziwa Victoria ambao wengi wanawaona ni chakula cha sangara tu. Tuliletewa ndoo mbili, moja imetoka Kisiwa cha Makobe ambako maji ni maangavu, nyingine imetoka ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni tope, na dokta aliyekua anatusimamia akatoa kazi moja: tenganisheni spishi.

Ndoo ya Makobe haikusumbua, angalau kwa madume. Huyu mgongo mwekundu na ubavu wa njano, yule wa kijivu na pezi la bluu, wote wana milia myeusi. Mwekundu kwa jina la kisayansi ndo Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu kabisa, na wa bluu ni Pundamilia pundamilia. Majike ndo yalitutesa, yamefanana mno, tukamgeukia mzee mvuvi aliyetuletea, shikamoo mzee, hawa we unawajuaje? Akasema wanangu, dume anajionyesha mwenyewe, jike mpaka ujue umemtoa kina gani. Na kweli, pale Makobe wekundu wanakaa chini zaidi na wa bluu wako juu karibu na mawe.

Afu tukamwaga ndoo ya pili. Kuna madume mekundu kidogo, mengine bluu kidogo, mengi yako katikati hayaeleweki, mmoja wetu anasema spishi mbili, mwingine anasema moja, mwingine anadai tatu na yuko serious kabisa, kila rundo tukilipanga linavunjika.

Dokta hakutupa jibu. Akavuta stuli akaanza kutuhadithia kwamba Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1735 alipanga viumbe makundi ndani ya makundi bila kuwaza mageuzi hata kidogo. Kwamba Darwin, yule Mwingereza wa nadharia ya mageuzi, alirudi na ndege wa visiwa vya Galapagos akidhani ni wa koo tofauti, mpaka John Gould, mtaalamu wa ndege wa London, alipowapanga mwaka 1837 akasema hawa ni ukoo mmoja wenye midomo tofauti, na mwaka huohuo Darwin akachora mti wa ukoo kwenye daftari lake. Afu kuanzia 1846 mpaka 1854 akakaa na vile vidude vya gamba vinavyoganda kwenye mawe ya pwani na chini ya majahazi, miaka 8 anapasua na kuainisha, akilalamika haoni spishi inaishia wapi na aina tu inaanzia wapi. Kitabu chake cha asili ya spishi kikatoka 1859.

Nilisisimka mwili. Shule nzima nilikariri ngazi za uainishaji kwa ajili ya mtihani, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yale makundi ndani ya makundi yenyewe ni ushahidi, kwamba viumbe vinapangika vile kwa sababu vina babu mmoja, kama kila kimoja kingetokea kivyake hamna sababu ya mpangilio ule. Na mpaka leo inaniuma watoto wanavyofundishwa orodha tupu, wananyimwa sehemu tamu kuliko zote.

Wale wa katikati sasa. Jike la furu linachagua dume kwa rangi, dokta akasema, maji yakiwa tope rangi haionekani vizuri, wanachanganyikana, mpaka uliokua unajengeka kati ya spishi mbili unafutika. Kwahiyo lile rundo lililotugombanisha halikua takataka ya kazi yetu, ndo kitu chenyewe Darwin alichokua anakihangaikia, liko kwenye sinia mbele yangu linanuka ziwa.

Tukamuomba ruhusa tuongeze safu ya tatu kwenye jedwali, isiyo na jina la spishi. Akakubali, ila akataka kila samaki wa safu hiyo apimwe na milia yake ihesabiwe, tukarudi mezani.