Safari ya Lac Vert ya Ruwenzori

Sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tumezoea maziwa yaliyozaliwa na moto. Ziwa Kivu lilipata umbo lake la sasa baada ya volkeno za Virunga kuziba bonde ambamo maji yalipita kwenda kaskazini, na Lac Vert (Ziwa la Kijani) la huko Mugunga, upande wa Sake, ni tundu la volkeno lililojaa maji. Nilipopanda Ruwenzori, milima ya mpakani mwa Kongo na Uganda, wakati barabara ya Rutshuru na Butembo ilipokuwa bado inapitika, nilitamani hasa kuliona Lac Vert jingine, lililochimbwa na barafu ndani ya Hifadhi ileile ya Taifa ya Virunga.

Tuliondoka Mutwanga, chini ya milima, tukiwa na walinzi wa hifadhi na wapagazi Wanande. Msitu mzito ulifuatwa na mianzi, kisha miti ya erika iliyojaa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, na matope yasiyokwisha. Baada ya kibanda cha Kiondo, kwenye zaidi ya mita 4,000, ilibaki mimea ya milimani tu, misenekio na milobelia mirefu kuliko mtu.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya barafu. Ruwenzori si volkeno. Ni bamba la miamba ya kale lililoinuliwa na nguvu zilizopasua Bonde la Ufa. Maelfu ya miaka iliyopita barafu nene iliteremka mabondeni ikiburuta mawe, ikakwangua miamba hadi ikawa laini, ikachimba mabeseni na kuacha malundo ya kokoto yanayozuia maji. Mabeseni hayo yamepangana kama ngazi: Lac Gris (Ziwa la Kijivu) juu, karibu na barafu, Lac Vert katikati, na Lac Noir (Ziwa Jeusi) chini, kwenye bonde lenye kuta za kutisha. Nilikaa sana ukingoni mwa Lac Vert, na sijaona maji yaliyonipendeza zaidi.

Maji ya upande huu hushuka hadi mto Semuliki, kisha Ziwa Albert na Nile, ilhali yale ya Kivu hupitia Ruzizi kwenda Tanganyika.

Barafu yenyewe inatoweka. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipofika kilele cha Margherita, mita 5,109, ilikuwa imeenea juu ya vilele kadhaa. Leo vimebaki vipande tu. Maziwa hayatakauka kwa sababu hiyo, kwani mvua ya Ruwenzori ndiyo inayoyajaza kwa sehemu kubwa, lakini mchongaji wake anaondoka, na wapagazi wenye umri walituonyesha miamba mitupu ambayo katika ujana wao ilikuwa bado imefunikwa.