Navyobandua mfuko wa choo tumboni bila kuchuna ngozi

Mimi naishi na mfuko wa choo, ule unaobandikwa tumboni kupokea choo kinachotokea kwenye tundu la upasuaji, tangu utumbo wangu ulipojisokota nikakimbizwa kupasuliwa, na habari za upasuaji leo naziacha, nataka kuongelea hii gundi ya mfuko jamani, maana inashika kweli kweli na kuna watu wanateseka nayo kimya kimya.

Nilipokuwa wodini kuna nesi alikuwa anashika kona anavuta kwa mara moja, eti ukivuta haraka husikii. Unasikia bwana! Na shida sio yale maumivu ya dakika moja, shida ni kwamba gundi inaondoka na ngozi ya juu, pale panabaki pekundu panatoa majimaji, sasa ngozi yenye majimaji haishiki mfuko mpya, mfuko unavuja, ukivuja inabidi ubadili tena kabla ya muda wake, na ukibandua unachuna tena palepale. Nilizunguka humo humo mpaka ikifika siku ya kubadili nakosa hata hamu ya chai.

Aliyeninasua ni sista mmoja mtu mzima pale kliniki ya vidonda. Alichovya gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, kwenye maji ya uvuguvugu, akalowesha ukingo wa juu, akainua ncha ndogo tu kama upana wa kucha, halafu vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa vinaisukuma ngozi kwenda chini, pole pole, mkono wa kulia umeushika tu mfuko, hauuvuti. Akaniambia "baba, usivute mfuko, sukuma nyama." Nikawa naangalia ngozi inavyojiachia yenyewe kidogo kidogo sikuamini, sikusikia kitu zaidi ya kutekenywa.

Saivi nafanya asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, maana tumbo likiwa tupu choo hakikushtukizi katikati ya kazi. Namwaga kwanza kilichomo, naingia kuoga nao hivo hivo, namimina maji ya uvuguvugu kopo baada ya kopo pale kwenye ukingo wa juu. Naanzia juu kwenda chini ili choo kikitoka mfuko bado uko chini unakipokea. Unapobandua usiuinue ukawa umesimama, ulaze, uukunje urudi chini ukiwa karibu na ngozi. Ukifika mahali pamegoma usishindane napo, lowesha tena, hamia upande mwingine, utarudi. Nafutia vipande vya khanga kuukuu ya mke wangu, ile iliyofuliwa mpaka imelainika, tishu zinanata na kuacha vipande. Na ile stoma yenyewe, yaani ncha ya utumbo iliyotolewa nje tumboni, ukiifuta ikatoa damu kidogo usiruke, ndo ilivyo, tena haina hisia ya maumivu, kinachouma ni ngozi ya pembeni. Ila damu isiyokata wahi hospitali.

Mafuta ya watoto yanasaidia, matone machache kwenye pamba unapitisha pale gundi inapokutana na ngozi, lakini lazima baadaye uoshe na sabuni isiyo na manukato, usuuze, ukaushe kabisa, la sivyo mpya utakuachia ndani ya daladala na jasho la Dar hili. Kuna spreyi ya silikoni ya kazi hiyo hiyo, hiyo inakauka haiachi utelezi, ni nzuri sana ila bei yake mimi siiwezi kila mara, nikipata ya kuletewa naitunza kwa siku ambazo ngozi imechoka. Spiriti hapana, inakausha na ikikuta mchubuko utaimba. Kuna mtu alinishauri mafuta ya taa, nikamwangalia tu.

Wanaume wenye tumbo la manyoya kama mimi, punguzeni na mkasi au mashine ya kunyolea kabla ya kubandika, nywele ziking'olewa na gundi zinaacha vipele.

Kingine, ukishabandua geuza uangalie mgongo wa gundi. Ile gundi inanyonya unyevu, inavimba na kuwa nyeupe kuanzia kwenye tundu kwenda nje. Ikiwa bado haijabadilika rangi kabisa ujue umewahi mno, na gundi ikiwa bado mpya mpya ndo inang'ang'ania zaidi, ikiwa weupe unakaribia ukingoni umechelewa, ungevuja. Mimi kwa kusoma hivo nimejikuta kwenye siku tatu hivi, wewe unaweza ukawa na yako. Na kama umevuja usisubiri, badili hapo hapo, hasa wale ambao stoma yao imetokea utumbo mdogo na choo chao ni majimaji, kile kinaunguza ngozi haraka sana.

Nasikia mfuko wa kunata ulibuniwa Denmark mwaka 1954 na muuguzi Elise Sørensen, dada yake alikuwa na stoma anaogopa kutoka nje. Mimi nikiwa kwenye kiti cha dirishani nakwenda zangu Kariakoo huwa namkumbuka.

Ngozi ikishachubuka napaka poda ya stoma kidogo pale penye unyevu tu, napangusa iliyozidi ndo nabandika, na ikipita siku mbili tatu haijapoa naenda kliniki. Wengine kwa hofu ya kuvuja wanazungushia plasta pembeni, hapo umejiongezea cha kubandua, mimi fundi cherehani wa mtaani alinishonea mkanda mpana wa kitambaa, nafunga juu ya mfuko natembea.