Machungwa Yangu ya Nyuma ya Jiko

Likizo ya Juni mwaka 1991 nilipelekwa kwa babu, Muheza, msimu wa machungwa umeshika kasi. Malori ya Mombasa na Nairobi yalipakia tangu alfajiri. Machungwa yenyewe ya kijani, maana joto la usiku la kwetu haliyaachi yageuke rangi hata yakiiva. Mgeni huyapita akidhani mabichi. Shauri yake.

Ujanani babu alikata mkonge. Mashamba yale yalipodorora akageukia michungwa, akawa fundi wa kubebesha. Kitaluni aliotesha limau kali, ambalo mizizi yake hustahimili ukame, kisha akapachika jicho la mchungwa, yaani kichipukizi chake. Mchungwa wa mbegu utakuweka miaka saba au zaidi. Wa kubebesha huzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Akanipa miche kumi, minene kama penseli. Unachana gome kwa umbo la herufi T, unachomeka jicho pamoja na kikonyo cha jani lake, unafunga kwa utepe wa nailoni. Hicho kikonyo ndicho shahidi. Wiki mbili tatu zikipita, ukikigusa kikadondoka, jicho limeshika. Kikikauka na kung'ang'ania, limekufa.

Siku moja kabla ya ukaguzi niliingia kitaluni peke yangu. Vinne vilidondoka. Sita viligoma. Nikavinyofoa kwa kucha, kimoja kimoja, nikavifukia.

Asubuhi babu alipita mstari mzima bila neno. Kisha akafungua utepe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Macho ya mchungwa ndani yake yalikuwa kahawia, makavu kama ugoro. Nilitazama miguu yangu. Angenichapa ningepumua.

Mitano aliibebesha upya, upande wa pili wa shina, mimi nikimshikia utepe. Wa sita akanikabidhi.

"Huu kaupande nyuma ya jiko. Usiukate kichwa."

Nikaupanda. Ulikua haraka kuliko wenzake wote, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Ulipoanza kuzaa nilikuwa sekondari, na kila likizo, bibi akishaweka samaki jikoni, babu aliniita mbele ya wageni:

"Haya babu, kachume machungwa yako."