Maswali Yanayoanza na "Taja"

Mwishoni mwa muhula uliopita niliketi barazani hapa Newala nikipitia upya mtihani wa Sayansi niliowatungia wanafunzi wangu wa darasa la sita, na nilichokikuta kilinifedhehesha. Kati ya maswali 40, maswali 31 yalianza na "Taja", "Orodhesha" au "Nini maana ya". Mwaka mzima nilikuwa nikilalamika mbele ya walimu wenzangu kwamba watoto wa siku hizi hawafikiri, kumbe sijawahi kuwapa cha kufikiria.

Si kwamba sikufundishwa. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake nchini Marekani walipanga malengo ya ujifunzaji katika ngazi sita, ambazo baada ya marekebisho ya mwaka 2001 hutajwa kama kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Sisi walimu ukituamsha usiku wa manane tutakutajia zote kwa mpangilio wake, jambo linaloonyesha kwamba hata ngazi hizo tulizikariri tu.

Hata vitendawili, ambavyo wengi huvisifu kuwa vinanoa bongo, haviponi: mtoto aliyekwisha kusikia jibu hukumbuka tu, na anayefikiri kwelikweli ni yule anayetunga kitendawili kipya.

Mwezi Julai, mikorosho ikiwa inachanua, niliacha kuuliza ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho unaozuiwa kwa kupuliza unga wa salfa, ni nini. Niliandika ubaoni: "Mzee mmoja amepuliza salfa kwa wakati, lakini jirani yake hakupuliza kabisa. Je, mzee amepoteza fedha zake?" Darasa likanyamaza. Kwa kawaida ningejibu mwenyewe papo hapo, lakini nilikuwa nimesoma kuhusu Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyebaini katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu, na kwamba wakivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Nikaficha mkono nyuma na kuhesabu kwa vidole. Sekunde tatu mbele ya watoto 70 ni ndefu kuliko foleni ya ghalani.

"Inategemea upepo unatoka wapi, mwalimu," alisema msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono kabla ya siku ile. Mvulana mmoja akadakia kwamba nyumbani kwao hupuliza alfajiri, kabla upepo haujaamka, ili salfa isipeperuke. Wa tatu akahoji: ikiwa salfa huvuka mpaka, basi jirani ananufaika bure, kwa nini asichangie gharama? Hapo walikuwa wanatathmini bila mimi kulitaja neno hilo, na kengele ilipolia hawakuinuka.

Nakiri kwamba njia hii ina gharama. Mada niliyopanga kuimaliza kwa kipindi kimoja ilichukua vitatu, na katika mtihani uliofuata niliweka maswali manne tu ya namna hiyo, lakini usahihishaji ulinila jioni mbili. Daftari moja bado liko mezani kwangu: mwanafunzi ameandika kwamba mzee na jirani wapande mikorosho ya mpakani kwa ubia, kisha wagawane salfa na mavuno. Mwongozo wangu wa kusahihisha hauna jibu hilo, na hadi leo sijaamua nimpe alama ngapi.