Logi za majaribio yaliyofaulu

Kuna mazoea katika kazi yetu ya kupima programu ambayo nimeamua kuyapinga waziwazi: kutupa logi (rekodi za kila hatua programu inayopitia) za majaribio yaliyofaulu na kubakiza za yaliyofeli tu. Sababu yake naielewa. Jaribio likifaulu, nani ana muda wa kusoma? Hata pytest, zana ya kuendeshea majaribio ya programu za Python, imejengwa hivyo: hukamata kila kinachochapishwa jaribio likiendelea, kisha hukionyesha likifeli tu. Kwenye skrini huo ni utaratibu mzuri. Lakini mara nyingi kisichoonyeshwa hakihifadhiwi popote.

Wiki hii timu yetu, hapa Kijitonyama, imehangaika na jaribio la malipo kwa simu. Linafungua oda, linatuma ombi kwenye mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, linasubiri jibu, kisha linahakiki kwamba oda imelipwa. Usiku mwingine linafeli. Likirudiwa asubuhi linafaulu. Hakuna kinachoua imani ya timu kama majaribio ya namna hii. Watu huzoea kulirudisha tena na kwenda zao kunywa chai, na hitilafu ya kweli ikija wanaipokea kwa mazoea yaleyale.

Logi ya usiku lilipofeli ilisema: jibu limepokelewa, oda haipo. Ukiisoma peke yake unailaumu hifadhidata. Dada ninayekaa naye meza moja akaomba logi ya usiku lilipofaulu, tukazifungua mbili sambamba. Tofauti ilikuwa mpangilio wa mistari miwili. Kwenye iliyofaulu, oda ilihifadhiwa kwanza, jibu likafuata. Kwenye iliyofeli, jibu lilitangulia. Hifadhidata haikuwa na kosa lolote: msimbo wa programu yetu ulikuwa unatuma ombi la malipo bila kusubiri oda imalize kuhifadhiwa, na siku mtandao ulipokuwa mwepesi, jibu liliwahi. Nikiwaza kwamba mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto angekatwa pesa yake halafu aambiwe oda haionekani, naona kazi hii ya kusoma mistari ina heshima kubwa kuliko inavyopewa.

Logi hiyo ilikuwepo kwa sababu mipangilio yetu ya pytest ina log_file, yaani faili ya kuandikia logi, na log_file_level iko DEBUG, kiwango kinachoandika hata mambo madogo. Hapo ujumbe wote wa logging, moduli ya Python ya kuandikia logi, huandikwa kwenye faili, jaribio lifaulu au lifeli. Mambo mawili ya kuangalia: faili hiyo huandikwa upya kila majaribio yanapoendeshwa, kwa hiyo ipewe jina lenye tarehe, na kilichoandikwa kwa print, amri ya kuchapisha kwenye skrini, hakiingii humo. Wanaotumia Robot Framework, zana nyingine ya majaribio, wana nafuu, maana ripoti yake ya log.html huonyesha kila hatua, hata zilizofaulu. Ila ukiweka --removekeywords passed, chaguo linaloondoa hatua za majaribio yaliyofaulu, ili faili ipungue uzito, unaufuta ushahidi huohuo ninaoutetea.

Halafu saa. Seva yetu ya majaribio inaandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Mstari wa 23:10 ni saa nane na dakika kumi usiku hapa Dar, na tarehe ya seva bado ni ya jana. Mtu akisema "ilifeli jana usiku", muulize kwanza jana ya nani. Na majaribio yakiendeshwa kwa pamoja mistari huchanganyika, kwa hiyo namba ya oda iwe kwenye kila mstari. Bila hiyo tusingeweza kulinganisha chochote.

Kuhifadhi logi nyingi kunaleta wajibu pia. Namba za simu na majina ya wateja halisi hayana kazi kwenye logi za majaribio. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la ustaarabu tu. Sisi tunatumia namba za kubuni, na PIN haiandikwi kabisa, hata kwenye DEBUG.

Mjadala uliobaki ofisini ni nafasi kwenye diski. Wenzangu wawili wanataka tufute kila wiki. Mimi nataka kila jaribio libaki na logi yake ya mwisho iliyofaulu, hata kama ni ya mwezi uliopita, na nyingine zote zibanwe. Kesho naandika skripti ya kuzibana, tuone zinapungua kiasi gani kabla hatujafuta chochote.