Siku niliyoitangazia seva yetu kifo

Saa 11:40 alfajiri

Baridi ya Julai hapa Uyole haina adabu, ukipumua chumbani unatoa mvuke kama birika. Kabla sijagusa maji nagusa simu. Ujumbe upo, umeingia saa 8:27 usiku: "Bekapu imekamilika," yaani nakala ya akiba ya data zetu imechukuliwa. Miezi 14 sasa unakuja kila usiku, na kila asubuhi nauamini bila kuuliza swali. Leo nataka kuuhoji.

Nafanya kazi kwenye saccos moja mjini Mbeya. Wanachama wetu ni wakulima wa viazi na kahawa, walimu, na wauza mitumba kadhaa. Idara ya TEHAMA ni mimi peke yangu. Kesho bodi inakutana, na kuna swali moja limeandikwa kwenye ajenda: data zikipotea, tunazirudishaje?

Saa 1:30 asubuhi

Daladala, malori ya Tunduma, foleni. Tuendelee.

Saa 2:15

Mama meneja ananisubiri na karatasi ya bei mkononi. Seva ndiyo kompyuta kuu inayotunza data zetu zote, na mzabuni mmoja amependekeza tununue ya pili itakayonakili ya kwanza papo hapo. Bei imemtisha, ila wazo amelipenda.

"Mama, hiyo inafaa seva ikiungua. Lakini mtu akikosea akafuta mikopo yote hapa, kule nako inafutika."

"Baada ya muda gani?"

"Sekunde chache."

Akaitazama ile karatasi. "Basi hicho ni kioo. Mimi naulizia akiba."

Nikamsimulia yaliyowapata GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, tarehe 31 Januari 2017. Fundi wao, usiku, amechoka, alidhani anafuta data kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye seva kuu. Gigabaiti 300 hivi zikaondoka. Walikuwa na njia tano za kujilinda, na hakuna hata moja iliyofanya kazi kama walivyotarajia. Bekapu ya kila siku ilikuwa inafeli kwa sababu toleo la programu halikuendana na la kanzidata (ghala la data lenyewe), na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

"Na sisi wetu unafika," mama akasema, maana yake ule ujumbe wa saa 8:27.

Unafika, ndiyo. Ila unachosema ni kwamba faili limeandikwa. Kama linafunguka, hausemi.

Saa 3:20

Kabla ya kugusa kompyuta nimekwenda dirishani kwa keshia wetu mkongwe. Naona watu wengi huanza na programu ya kununua, wakati jibu la swali la kwanza analo keshia.

"Dada, mfumo ukipoteza kazi ya tangu asubuhi, unaweza kuiingiza upya?"

Akavuta boksi la vishina vya hati. Pesa taslimu zote zina karatasi, kwa hiyo saa moja ya kazi anairudisha kabla ya chai. Siku nzima, anasema, labda nimletee wasaidizi wawili na soda. Miamala ya simu haina karatasi, lakini taarifa yake tunaweza kuiomba kwa kampuni ya simu tukalinganisha. Tatizo ni marejesho ya mkopo yanayokatwa ndani ya mfumo wenyewe. Hayo hayana kishina wala shahidi. Yakipotea, yamepotea.

Nikaandika kwenye daftari: tusipoteze zaidi ya dakika 15. Halafu nikamuuliza tunaweza kufunga dirisha kwa muda gani kabla watu hawajaanza kupiga kelele.

"Msimu wa kahawa? Saa mbili. Ya tatu wataniita mwizi."

Basi, mkakati wote umepatikana hapo dirishani. Kilichobaki ni kazi ya fundi.

Saa 4:10

Zoezi linaanza. Sharti ni moja: seva imekufa, hairuhusiwi kuombwa chochote. Nina laptopu ya zamani, na nakala iliyoko kwenye klaudi, yaani kwenye kompyuta za mbali tunazozifikia kwa intaneti. Diski ya nje nayo tunayo, ila inakaa juu ya seva yenyewe, kwa hiyo nimeihesabu imeungua nayo. Mtu wa Mbeya anayekumbuka Soko la Mwanjelwa lilivyoungua mwaka 2006 haelezwi kwa nini daftari na nakala yake visilale chini ya paa moja.

Faili lina GB 6 baada ya kubanwa. Kwa intaneti yetu ya Mbps 10, limechukua saa 1 na dakika 20 kushuka. Na hiyo ni siku nzuri. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua nchi nzima. Siku kama ile, nakala iliyoko klaudi peke yake ni sawa na pesa iliyo benki Jumapili.

Saa 5:35

Faili halifunguki.

Nikajaribu tena, halifunguki. Jasho likanitoka, Julai, Mbeya.

Bekapu zetu zinafungwa kwa ufunguo wa siri, na ni sawa: humo mna namba za vitambulisho na madeni ya watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sasa ufunguo uko wapi? Uko kwenye seva. Kwenye seva tu. Nimefunga stoo, funguo nimeziacha ndani, na kila usiku kwa miezi 14 nimepata ujumbe wa kunipongeza kwamba stoo imefungwa vizuri.

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikavunja sharti la zoezi, nikaamsha maiti, nikachukua ufunguo.

Saa 7:15 mchana

Wali wa Kyela na maharage, umekuja umeshapoa. Urejeshaji unaendelea, jedwali moja moja. Kanzidata yetu inaendeshwa na programu iitwayo MySQL, ina GB 38, na bekapu ya aina tuliyonayo ni orodha ndefu ya amri. Kuirudisha ni kuiandika kanzidata upya mstari kwa mstari na kujenga faharasa zote, zile orodha zinazoisaidia kutafuta haraka. Kuichukua usiku ni dakika 25, nami nilidhani kurudi nako ni hivyohivyo.

Saa 9:05

Imekwisha. Saa 3 na dakika 20. Nimelinganisha jumla ya akiba na ripoti ya kufunga siku ya jana iliyochapishwa, inalingana hadi shilingi ya mwisho. Hapo nilipumua. Lakini ukijumlisha na muda wa kupakua tumetumia saa 4 na dakika 40, na keshia alinipa mbili. Tena kazi yote ya leo asubuhi haimo.

Saa 10:30 jioni

Karatasi ya bodi imetosha ukurasa mmoja. Kila usiku tuchukue nakala ya mafaili yenyewe kwa programu ya XtraBackup, ambayo ni ya bure, na kuirudisha ni kuiandaa kisha kunakili. Logi za miamala, yaani kumbukumbu ya kila badiliko linaloingia kwenye kanzidata, ziwashwe na zitoke kwenye seva kila dakika 15, ili mtu akiharibu saa 5:10 turudishe nakala ya usiku na kuziendesha logi hadi 5:09. Tangu MySQL 8.0 logi hizi huja zimewashwa; sisi bado tuko kwenye 5.7, toleo lililoachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 2023, na zilikuwa zimezimwa. (Aya ya kuomba kuhama toleo nimeiandika kwa herufi nzito.) Diski mbili zipokezane kila wiki kwenda tawi la Tukuyu, na huko zikae zimechomolewa, kwa sababu kirusi hakifiki kwenye diski iliyo kabatini. Ufunguo uwekwe kwenye bahasha mbili: sefu ya Tukuyu, na kwa mwenyekiti. Zoezi kama la leo kila miezi mitatu, na safari ijayo alifanye mtu mwingine akisoma karatasi yangu, mimi nikiwa sipo.

Seva ya pili nimeipangia mwaka wa fedha ujao. Mama meneja ametabasamu.

Saa 1:40 usiku

Logi haziwaki bila kuizima MySQL, kwa hiyo nimesubiri ofisi ifungwe. Nimebadili mistari miwili ya mipangilio, nimeiwasha, nikangoja. Faili la kwanza la logi limetoka saa 1:55.

Mlinzi amechungulia na tochi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imepona?"

"Haikuwa inaumwa, mzee."

"Sasa mbona tangu asubuhi umeiwekea matanga?"